Njia Mbili za Kilima cha Upepo

Dodoma,
4 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umpelekee shangazi Agness hapo ng'ambo ya kijito, umwambie kitenge chake kimenifikia na kinanikaa vizuri. Mimi ni mzima. Ile homa uliyoiogopa ilikwisha kwa siku mbili tu, sasa nakula na kulala kama kawaida, kwa hiyo usianze kufunga kwa ajili yangu. Kaka Lugano aliniambia mmeshavuna maharage, na kwamba bado unakataa simu, unasema maneno ya simuni yanakuruka. Haya, nimekaa na kalamu kama ulivyotaka.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka nilikwambia ofisi yetu inageuza kilima kimoja hapa mjini kiwe bustani ya watu kupumzika? Viti vya mawe vimeshawekwa. Ukisimama juu unaliona jiji zima, mabati yanavyong'aa hadi kwenye mashamba ya zabibu. Basi juzi Bi Safina, mkuu wetu, aliniita. Nikadhani nimekosea hesabu za miche. Kumbe ananiambia mimi ndiye nitakayetafuta historia ya kilima na kuiandika, halafu maneno yangu yachongwe kwenye jiwe kubwa langoni. Mimi, mama. Nilitoka ofisini nikasahau mkoba, nikarudi kuuchukua, nikatoka nikausahau tena.

Daftari za miaka ile zililiwa na mchwa, lakini jina lipo. Wazee wanapaita Kwa Mbepo. Ofisini wanasema ni upepo tu, maana lugha zetu nyingi zinakaribiana kwa neno hilo, na kweli pale juu upepo unakuvua kofia. Kwa hiyo bustani itaitwa Kilima cha Upepo. Rasimu nimeshaanza.

Nimekuwekea picha ya karatasi, uione bila kuazima simu ya mtu.

Mwanao,
Atupele


Nyumbani, Rungwe
26 Februari 2024

Mwanangu Atupele,

Marahaba, na ugonile. Barua niliipokea Jumanne kwa mkono wa Lugano, nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Darasa langu la nne linanitosha kwa mwandiko wako, ila ukiandika mbiombio herufi zako zinalala. Ziamshe.

Huku mvua ndiyo hii ya kwetu, haibishi hodi. Ng'ombe amezaa ndama jike, nimemwita Bustani kwa ajili yako, kaka yako anacheka. Shangazi yako Agness anasema kitenge kikikubana usikikate, ukirudishe. Nimekuwekea parachichi ishirini. Zile za chini bado ngumu, zifunike kwa gazeti. Usizile peke yako zote, tumbo lako nalijua mimi. Halafu homa umesema siku mbili. Lugano anasema ulimwambia nne. Muongo ni nani kati yenu?

Sasa hicho kilima. Nilifurahi mpaka nikawamwagia kuku chai. Mwanangu anaandika maneno ya kuchongwa kwenye jiwe! Niliwaambia wote niliokutana nao hadi sokoni Mpuguso, mpaka mama mmoja muuza mitumba akaniomba nihamie upande wa pili ili apumzike.

Lakini nisikilize. Usiandike kwamba kilima kilipewa jina kwa sababu ya kipulizi. Kipulizi kiko kila mahali, huku pia kipo, mbona hatukupewa bustani. Tafuta vizuri. Uliza watu wazima sana.

Na kwenye picha, chini upande wa kushoto, kuna jiwe limejificha kwenye majani. Nenda ukalitazame kama juu lina shimo, kama mdomo wa chungu, la kukaa debe moja lisianguke. Nauliza tu. Mijohoro nayo imekuwa mikubwa, Mungu ni mwema.

Usiniulize mengi. Vaa viatu vya kufunika vidole, kule kuna miiba.

Mama yako,
Esnath


Dodoma,
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Homa ilikuwa siku nne. Tuyaache hayo. Parachichi zimefika kumi na tisa, moja nadhani kondakta Yussuph alijilipa. Mpe ndama hongera kwa jina.

Mama, jiwe lipo. Lina shimo juu, kama mdomo wa chungu kabisa. Nililikuta chini ya majani yanayofika kiunoni, nikapiga kelele peke yangu mlimani, mlinzi akaja mbio na rungu akijua nimeona nyoka. Nikachukua ndoo ya mafundi nikaijaribu, ikakaa kimya kama imezaliwa pale. Umelijuaje? Kwenye picha linaonekana kama kivuli. Na umejuaje kwamba ile miti ni mijohoro, wakati hata jani halionekani? Wewe uliyetuambia toka tukiwa watoto kwamba hujawahi kuvuka Makambako.

Subiri, kuna kubwa zaidi. Nilifuata neno lako, nikauliza watu wazima sana. Nimempata mzee Chidawali, miaka themanini na moja, zamani alikuwa mlinzi wa tangi la maji kwenye mlima wa pili. Anasema kilima kilikuwa kipara, vumbi tupu, hata mbuzi walikuwa wanakipita. Akaja mzee mmoja kutoka kusini, akaanza kupanda miche peke yake. Alikuwepo na mwanamke mmoja. Na hao watu wawili, mama, walichukiana chuki ambayo yeye hajaiona tena duniani. Mwanamke akipanda na maji, mzee anajificha. Mzee akishuka, mwanamke anakimbia. Kila mmoja alijichimbia njia yake ili asimwone mwenzake, na ndiyo maana kilima kina njia mbili hadi leo, moja ya mashariki na moja ya magharibi, zinakutana kwenye lile jiwe. Wahandisi walikuwa wanashangaa, nani anachimba njia mbili kwenda mahali pamoja?

Bi Safina alipiga meza kwa furaha. Anasema watu watakuja kwa mabasi kuona njia za maadui wawili. Upepo juu, ugomvi chini. Fundi Zuber, mchongaji wa jiwe, anasubiri maneno yangu tu. Ufunguzi ni tarehe 6 Julai, na nitakutumia nauli uje ukae mbele.

Lakini nijibu kwanza kuhusu jiwe.

Atupele


Nyumbani, Rungwe
9 Aprili 2024

Atupele,

Marahaba. Hatujambo sote. Barabara ya kushuka mtoni imekatika, mgomba ule mkubwa umelala, Lugano ana jino. Salamu zimekwisha, nina haraka.

Chuki? Nani kasema chuki? Huyo mzee Chidawali wako namheshimu kwa umri wake, lakini alikuwa mlima wa pili, aliona watu wanakimbiana akajaza mwenyewe yaliyobaki. Mwambie yule mwanamke yupo hai, ana meno yake yote isipokuwa matatu, na amekasirika.

Ni mimi, mwanangu.

Sasa kaa chini. Mimi nimekaa, moyo unanidunda kama mashine ya kusaga.

Mwaka themanini na mbili mimi na marehemu baba yako tulikuwa na miezi sita ya ndoa. Yeye akapata kibarua cha ujenzi huko Dodoma, wakati ule makao makuu yanajengwa. Baba yake alikuwa ametangulia, yuko kwenye kitalu cha miche, akapewa kilima hicho akioteshe. Ndiyo, babu yako. Wewe unamjua kwa jina la ubatizo tu, Jairo, lile lililo kwenye vyeti vyako. Alibatizwa akiwa mtu mzima. Kabla ya hapo alikuwa na jina lake la kuzaliwa, na ndilo wenzake wa kitalu walilomwitia.

Sasa unajua sisi. Mke hamwoni baba mkwe. Hakai naye, halili naye, hakutani naye njiani, na jina lake halimtoki mdomoni. Tunaita ukutila. Siyo uadui. Ni heshima, tena ile kubwa kabisa, ambayo hapewi mtu wa kawaida. Nyinyi wa siku hizi mnawapungia wakwe mkono kama mnawaita kuku, sisemi vibaya, nasema sisi hatukuwa hivyo.

Maji yalikuwa bombani, chini kabisa. Miche iko juu kwenye viriba, jua la kule halina huruma, siku moja bila maji imelala. Baba yako anaondoka alfajiri anarudi jioni na saruji hadi kwenye nyusi. Wanawake waliokuwa wanabeba maji kwa kibarua waliona mteremko wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Aliyebaki wa kumpelekea yule mzee maji ni mimi peke yangu, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kumwona.

Baba yako ndiye aliyelipata lile jiwe. Akasema, Esnath, wewe panda kwa mashariki, weka debe hapa, shuka. Baba atashuka kwa magharibi, atalichukua. Nikawa nikianza kupanda nagonga debe mara moja kwa jiwe dogo, maana yake nakuja. Nikishaweka, nagonga mara mbili, maana yake nimeondoka. Yeye juu anakohoa, maana yake amesikia. Ndiyo maongezi yetu hayo. Debe sita asubuhi, sita jioni, miaka miwili. Zile njia hazikuchimbwa na mtu, Atupele. Ni miguu. Yangu na yake.

Siku moja niligonga vibaya, au kipulizi kilichukua sauti, nikakunja kona nikamwona mgongo. Mgongo tu, na kofia ya majani. Nikaruka kwenye kichaka cha miiba na debe langu kichwani. Naye kumbe ameniona, mzee mzima karuka nyuma ya mwamba, nikasikia amejigonga. Tukakaa hivyo, kila mtu kwake, nani aanze kutoka? Hiyo ndiyo chuki aliyoiona Chidawali.

Kesho yake nilipanda nikiwa nachechemea, pekupeku, wayo umevimba. Nikaweka debe, maji yakamwagika, nikaacha alama ya mguu kwenye tope. Siku ya tatu nafika kwenye jiwe nakuta makubazi ya tairi, yamekatwa kwa kisu, kamba mpya. Yananikaa sawasawa. Alipima ule mguu wa kwenye tope. Mtu anakuchukia halafu anapima unyayo wako?

Hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia ndaga, asante yetu. Ningemwambiaje? Niligonga debe mara tatu. Juu kule akakohoa.

Mwaka themanini na nne aliugua kifua, baba yako akamrudisha nyumbani, akafa mwezi wa tatu. Nami hata kwenye jeneza sikumwona, nilikaa nyuma ya migomba na wake wenzangu wa ukoo. Uso wake siujui. Nikiangalia sura ya Lugano najaribu kukisia.

Unauliza kwa nini sikuwasimulia Dodoma. Nilijaribu. Kila nikianza, naona mbele ya hadithi limekaa jina lake, siwezi kulipita wala kulitaja. Nikaona bora niseme sikuvuka Makambako.

Usiandike chuki kwenye jiwe. Nakuomba kama mama. Watu na watoto zao watasoma hiyo hadi mwisho wa dunia.

Mama

Nimesahau, weka kitunguu saumu kwenye mboga, kifua chako nacho si cha kuchezea.


Dodoma,
2 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Najua umehesabu siku. Namba yangu ya simu uliyoandika juu ya mzigo ilikosa tarakimu moja, mzigo ukalala stendi wiki saba. Nilipoitwa, parachichi zilikuwa uji, na barua imelowa mafuta ya parachichi hadi inaonyesha upande wa pili. Nilisoma kila neno. Nimeisomea kwenye benchi la stendi, mama mmoja muuza karanga akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, nimefurahi.

Halafu nilikaa siku nne bila kukuandikia, na sababu nitakuambia leo. Ile hadithi ya maadui nilishaimaliza mwezi wa nne. Niliipamba. Niliandika walilaaniana. Bi Safina aliisoma mbele ya ofisi nzima wakapiga makofi, nikasaini chini yake, ikapelekwa kwa fundi Zuber. Nilikuwa na haya ya kukuambia, na haya zaidi ya kumwambia Bi Safina kwamba maneno yangu aliyoyasifu ni uongo juu ya babu yangu mwenyewe na mama yangu.

Nilikimbilia kwanza kwa Zuber. Nilimkuta ameshachonga mstari wa juu, KILIMA CHA UPEPO, na neno moja la mstari wa pili. Nikamwambia asimame. Akaniambia, dada, jiwe halina kifutio. Nikamsomea barua yako pale pale kwenye vumbi. Aliweka patasi chini. Kisha Zuber akaita vijana wake wawili, wakaligeuza jiwe. Upande wa nyuma ni safi.

Bi Safina alinisikiliza mlango umefungwa. Alinuna, siwezi kukudanganya. Akasema nimemletea hadithi tatu kwa kilima kimoja. Halafu akavaa raba, akapanda njia ya mashariki peke yake, akashuka kwa magharibi, akarudi ana vumbi hadi magotini. Akasema: "Sitaki hadithi ya nne. Niletee karatasi ya mtu aliyekuwepo, kwa mkono wake, na jina la huyo mzee limeandikwa wazi. Bila jina, linabaki la upepo."

Mwisho ni tarehe 25 Juni. Baada ya hapo Zuber anachonga lililopo.

Mama, jina nimelijua. Nililijua hapo hapo stendi, nikacheka hadi karanga za yule mama zikamwagika. Kipulizi. Miaka yote tumesema kipulizi tukidhani ndiyo lugha. Darasa la tatu mwalimu aliuliza kinachopeperusha bendera ni nini, nikanyoosha mkono, darasa zima likalala chini. Kwetu mchele unarushwa kwenye ungo, haufanywi lile neno wanalosema wengine. Kanisani nyimbo za Kinyakyusa zikifika kwa Roho Mtakatifu, ambaye kwa lugha yetu neno lake ni lile lile la upepo, wewe pekee unaingia kwa Kiswahili. Na juu ya barua zako zote unaandika Nyumbani. Hujawahi kuandika jina la kijiji chetu. Sikuwahi kujiuliza.

Mimi naweza kuliandika, lakini mimi sikuwepo. Shangazi anaweza kulisema, naye hakuwepo. Aliyekuwepo ni wewe. Najua ninachokuomba. Ukikataa sitanung'unika, na nitamwambia Zuber amalizie.

Mwanao,
Atupele


Lupepo, Rungwe
14 Juni 2024

Mwanangu Atupele,

Marahaba, umelala salama? Ndama ameanza kula majani. Jino la Lugano limeng'olewa, amelia kuliko alivyozaliwa. Baridi ya mwezi wa sita imeingia, nimevaa sweta lako la shule, lina tundu lakini linafaa. Huyo fundi umemtaja kwa jina mara tano kwenye barua moja. Sisemi kitu.

Kuhusu ulivyoandika uongo ukausaini, nilikasirika kwa muda wa kumenya ndizi za mchana. Zilipoiva hasira ilikuwa imekwisha. Umekwenda mwenyewe kusema umekosea, hilo wakubwa wengi linawashinda.

Sasa sikia. Siku ya kwanza nilisema siwezi. Siku ya pili nikasema siwezi. Siku ya tatu nilifikiri kuhusu wale watakaokuja na mabasi, wanasimama kwenye jiwe, wanawaambia watoto wao hapa palikuwa na mzee mwenye chuki. Nikaacha jembe shambani nikavuka kijito kwenda kwa wifi yangu Agness. Nilimkuta anaanika mahindi. Nikamweleza toka mwanzo. Unamjua shangazi yako, hana breki.

"Wifi," akaniambia, "baba amekufa miaka arobaini, wewe bado unamkimbia tu. Kwani ana mbio kiasi gani?"

Alicheka hadi akakaa juu ya mahindi. Nikanuna, nikataka kuondoka. Akanishika gauni. Akaniuliza makubazi yale yalikuwa ya kamba gani. Nikamwambia ya mpira mwekundu, wa mrija wa baiskeli. Hapo akaniachia gauni. Akasema babake alipoletwa nyumbani mgonjwa, alikuwa na kipande cha mrija mwekundu mfukoni, hawakujua cha nini, walimzika nacho.

Baadaye akasema kwamba kwenye mila hii yeye hajui mlango wa kutokea uko wapi, na wa kumuuliza wamekwisha. Lakini yeye ni damu ya yule mzee, mtoto wa kwanza, na akinipa ruhusa atakayemhoji nani? Akaingia ndani akatoka na kuku wa madoa, akaniwekea mikononi. Akasema, chukua, baba amekufungulia. Sijui kama inafanyika hivyo. Kuku nimemchukua.

Jana asubuhi nilinawa mikono, nikaweka meza kibarazani, nikamwambia Lugano asipite. Niliandika herufi ya kwanza nikaenda kuteka maji. Nikarudi nikaandika ya pili, nikatazama njiani. Hakuna aliyekuja. Ya tatu kalamu ikatoboa karatasi, nikaanza upya kwenye nyingine. Safari hii sikunyanyuka. Ilipokwisha nililitazama neno lenyewe, limekaa tu, herufi tano, kama mtu aliyesimama. Moyo ulinienda mbio, lakini siyo kwa hofu. Nilikuwa kama nimechungulia kitu kizuri nilichokatazwa. Nikalisoma kwa sauti, polepole. Halafu nikalisoma tena. Agness ng'ambo ya kijito alisikia, akaniitikia kama ameitwa babake.

Baada ya hapo kalamu haikukaa. Nikakuandikia barua hii yote nikiwa nimeacha wazi pale juu kabisa, na mwisho nimerudi nikapajaza. Utaona mwenyewe nilichoandika.

Karatasi ya Bi Safina ni hii iliyokunjwa katikati, usiichanganye na barua. Nimempa Yussuph mkononi, namba yako nimeihesabu mara tatu, tarakimu kumi. Bila parachichi safari hii, nisije nikapaka historia mafuta. Nauli usitume, ninayo. Nitakuja na shangazi yako, tafuta mahali pa kutulaza, yeye anakoroma. Na umwambie Bi Safina asiniweke mbele kwenye viti. Mimi nitapanda kwanza.

Mama yako

—

Lupepo, 13 Juni 2024

Mimi Esnath Ackson, mjane wa Wilson Jairo, nilikuwepo.

Miti ya kwanza ya kilima hicho ilipandwa na baba mkwe wangu, jina lake Mbepo. Watu walipaita Kwa Mbepo kwa sababu palikuwa kwake. Siyo upepo.

Maji nilipandisha mimi kwa njia ya mashariki. Yeye alishuka kuyachukua kwa njia ya magharibi. Miaka miwili.

Hatukugombana hata siku moja. Hatukuonana tu.